Udzungwa na maporomoko ya Sanje: hifadhi ya kutembea kwa miguu, nimempeleka mama mdogo na tumefika juu

Kama umeshawahi kupita ile njia ya Mikumi kwenda Ifakara basi hii milima umeiona hata kama hukujua jina lake. Ukishavuka daraja la Ruaha Mkuu pale Kidatu, mkono wa kulia mlima unaanza kukusindikiza na haukuachi, kushoto ni miwa tu mpaka macho yachoke, halafu ukikaribia Sanje unaona mstari mweupe umesimama katikati ya msitu wa kijani. Huo mstari ndo maporomoko ya Sanje, mita 170 ukijumlisha hatua zake zote, na yako ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa.

Mimi nimepita hiyo barabara zaidi ya mara kumi kwenye misiba na harusi za upande wa mama na sikuwahi kushuka. Mwaka huu nimeshuka, na sababu ni mama mdogo.

Mama mdogo kazaliwa Msolwa, babu alikuwa mkata miwa kwenye mashamba ya sukari, kwa hiyo yeye na mama yangu wamekua wanaangalia ule mstari kila asubuhi wakienda kuchota maji. Anasema mvua ikinyesha mlimani usiku, asubuhi mstari unanenepa, na kiangazi kikikaza unakuwa kama uzi. Ameolewa akaja Dar, ana miaka 58 sasa, na maisha yake yote hajawahi kufika pale. Siku moja tumekaa sebuleni tunaongea mambo ya nyumbani akasema tu, "Mwanangu, mimi Sanje nimeiona kwa macho miaka yote ile lakini maji yake sijawahi kuyagusa." Sikulala vizuri siku ile. Nikampigia mdogo wangu nikamwambia tunampeleka mama mdogo Udzungwa, tafuta ruhusa kazini.

Sasa hapa nianze na tulipokosea ili wewe usikosee. Mimi nikaingia mtandaoni nikapata wakala wa safari hapa Dar, jina naliacha, akanipa pakeji ya laki tatu na nusu kwa kichwa, ndani yake kuna kulala siku mbili na kuzunguka hifadhini na gari siku nzima kuangalia wanyama. Nikatuma advansi laki mbili. Baadaye kazini kuna dada mwenyeji wa Ifakara nikamsimulia kwa furaha, akaniangalia akaniuliza gari litapita wapi? Udzungwa ndani hakuna barabara ya kuzungusha watalii, ni njia za miguu tu, yaani unafika getini unaacha usafiri unapanda mlima. Nikampigia wakala, akaanza kubadilisha maneno, mara ooh tutawapeleka Mikumi, mara ooh kuna gari maalum. Nikaomba hela yangu, ikarudi laki moja baada ya wiki mbili za kusumbuana na nyingine mpaka leo sijaiona. Kwa hiyo ukimsikia mtu anakuuzia kuzunguka na gari ndani ya Udzungwa, huyo hajawahi kufika huko, usimpe hela. Na kiukweli humuhitaji, hii safari unaipanga mwenyewe.

Sisi tulipanda treni ya SGR Dar mpaka Morogoro, mama mdogo alikuwa hajawahi kuipanda akafurahi mno, ni kama masaa mawili hivi hata hujachoka. Stesheni iko Kihonda, pale tukachukua bajaji mpaka stendi ya Msamvu tukapanda basi la Ifakara. Barabara kuu inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kilomita 50 hivi, kwa hiyo kaa dirishani, tuliona swala wengi, twiga watatu na kundi la tembo karibu kabisa na lami, hapo hujalipa chochote zaidi ya nauli. Mikumi mjini basi linakata kushoto, linapita Kidatu, halafu Sanje, halafu unashuka Mang'ula ndo ziliko ofisi kuu za hifadhi. Kutoka Mikumi mjini mpaka Mang'ula ni kilomita 60 na ushee.

Tulipita Sanje jua linaelekea kuzama na mstari ukawa unaonekana vizuri sana, mama mdogo alinyamaza kimya, akashika siti ya mbele yake kwa mikono miwili mpaka tulipopita. Mimi na mdogo wangu hatukusema kitu.

Malazi. Tulilala kwenye lodji moja ya pale Mang'ula, jina pia naliacha, kwenye simu waliniambia elfu 40 tumefika wanasema elfu 60 kwa sababu wikiendi, na maji yakakata saa tatu usiku. Niliomba chai iwe tayari saa 12 na nusu asubuhi kwa sababu ya safari ya mlimani, wakakubali vizuri kabisa, saa moja na robo jiko halijawashwa. Tukaondoka na njaa. Huduma nyota mbili, na mbili zenyewe ni kwa sababu mashuka yalikuwa safi na yule kijana wa zamu ya usiku alituletea ndoo za maji mwenyewe bila kuombwa mara ya pili. Ushauri wangu piga simu sehemu mbili tatu kabla hujaenda na ile bei waandike kwenye meseji. Wenye mahema wao hifadhini kuna sehemu za kupiga kambi, wako pale pale msituni wanaamshwa na mbega.

Kilichotuokoa ni mama lishe mmoja jirani na barabara, kibanda cha mabati, anafungua alfajiri. Chapati za moto na maharage ya nazi, na mchana tuliporudi tukala kwake wali wa mchele wa Kilombero, ule mrefu unaonukia chungu kikifunuliwa, na samaki kitoga wa mchuzi na mchicha. Elfu nne sahani na unaongezewa mchuzi. Nimekula kwenye mahoteli makubwa ya mjini sijala wali kama ule. Mama mdogo alikula taratibu sana akasema huu ndo wali.

Getini sasa. Keshi hawapokei, unapewa kontrol namba unalipa kwa simu au kadi, kwa hiyo weka hela kwenye simu kabisa na simu iwe na chaji. Watanzania tunalipa kwa shilingi na kiingilio chetu ni kidogo sana ukilinganisha na wageni wanaolipa kwa dola, beba kitambulisho chako cha NIDA uthibitishe. Bei zenyewe usichukue kwangu, zinaweza kubadilika, waulize wenyewe kabla ya kwenda. Juu ya kiingilio unalipia na muongozaji, na hapa nataka nieleweke, hela ya muongozaji ndo hela iliyofanya kazi kuliko zote kwenye safari yetu. Kutoka ofisini mpaka Sanje njia inapoanzia ni kama kilomita 10 kurudi ulikotoka, tukakodi Noah.

Muongozaji wetu alikuwa kijana wa pale pale, ameanza na "shikamoo mama", akamwangalia mama mdogo miguuni, akaona raba zake ziko vizuri, akaingia pembeni akarudi na fimbo mbili za kutembelea. Akasema, "Mama, leo wewe ndo utatangulia, sisi wote tutafuata mwendo wako, ukisimama tunasimama." Hiyo sentensi moja ndo ilitufikisha juu. Angetangulia yeye na mdogo wangu mama mdogo angejilazimisha kuwafuata na tungerudi nusu ya njia.

Tulianza saa mbili asubuhi. Mwanzo ni tambarare kidogo halafu mlima unaanza na hauna utani, kuna sehemu wamechonga ngazi za udongo na mbao, kuna sehemu ni mizizi ya miti ndo ngazi yako. Ila uko kivulini muda wote. Msitu umefunga juu kama paa, hewa ya chini ina baridi na unyevu, na harufu ya majani yaliyooza ile ya utamu utamu. Muongozaji alituambia msitu wa upande huu umeshikana bila kukatika kuanzia mita 250 huku chini kwenye miwa mpaka zaidi ya mita 2,000 huko juu, na hilo Afrika Mashariki ni nadra kulipata, kwingine kote watu wameshakata pale katikati wakalima. Kilele kirefu cha hifadhi, Luhombero, kinapita mita 2,500 lakini huko ni safari ya siku nyingi.

Dakika kama 40 hivi tukasikia matawi yanavunjika juu, tukasimama. Mbega wekundu wa Udzungwa. Hawa wanapatikana kwenye hii milima na misitu ya jirani zake tu duniani kote, hawapo kwingine. Ukimwona kwa karibu mgongo wake ni wa kijivu cheusi, tumbo jeupe, na kichwani ana nywele nyekundu kama kavaa kofia. Walikuwa kama 20, kuna mama mmoja ana mtoto tumboni kamng'ang'ania, akafika mwisho wa tawi akatuangalia, akapima, akaruka mita kama sita na mtoto wake hivyo hivyo, tawi la upande wa pili likainama mpaka tukadhani linakatika, likarudi juu nao wapo. Mdogo wangu alisahau kabisa kupiga picha. Mbele kidogo tukakuta mbega wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, wao wametulia wanakula majani kama wazee wa baraza.

Halafu kikatokea kitu ambacho sikutegemea. Kwa mbali bondeni ukatoka mlio, kama mtu anaita "huuup" halafu unafuatia mgugumio. Muongozaji akanyanyua kidole tutulie, akatuuliza mnamjua huyo? Mama mdogo bila hata kufikiri akasema, "Huyo si ngolaga huyo, baba alikuwa anatuambia tukimsikia tusiogope." Yule kijana akacheka kwa furaha akamshika mkono kabisa. Akatueleza kwamba huyo ndiye mangabei wa Sanje, nyani wa kijivu mwenye nywele zilizosimama kichwani, na wanasayansi wamemjua mwaka 1979, tena walianza kwa kuusikia huo mlio hapa hapa Sanje na mwenyeji waliyekuwa naye ndo akawatajia jina la ngolaga. Dunia nzima walikuwa hawana habari naye, na babu yangu mkata miwa alikuwa anamtaja kwa jina akiwa anawatuliza watoto. Mama mdogo alirudia hiyo habari njia nzima, kila tukipumzika anasema, "Yaani baba alikuwa anamjua."

Ukitaka kumwona kwa macho kuna kundi lililozoeshwa watu, unaulizia ofisini Mang'ula wanakupangia siku, sisi muda haukutosha.

Na si huyo tu. Hii milima bado inatoa viumbe vipya, mwaka 2008 wametangaza sange, kale kamnyama ka pua ndefu kama mkonga, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana, mwenye uso wa kijivu, anafika karibu gramu 700, wakati sange wengine wengi unaweza kumfunika na kiganja. Nawaza tu ni vingapi wazee wetu walikuwa wanavijua majina na hakuna aliyewauliza.

Kuna tembo pia. Hatukuwaona ila tulikuta kinyesi chao njiani, mlimani kabisa, sehemu ambayo mimi nilikuwa natumia mikono kupanda. Muongozaji akakigusa na fimbo, akasema ni cha juzi. Siku hizi kule Mang'ula kuna kivuko cha tembo kimejengwa chini ya barabara ili watoke mlimani waende upande wa Hifadhi ya Nyerere bila kugongana na magari na watu, na kuna wakulima wameweka uzio wa mizinga ya nyuki pembeni ya mashamba kwa sababu tembo nyuki anamuogopa. Nimeliandika hili kwa sababu watu wa vijiji vya chini ya mlima wanabeba mzigo wa hii hifadhi ambao sisi wa kuja na kuondoka hatuuoni. Shangazi mmoja pale Sanje alituambia zamani waliruhusiwa siku moja kwa wiki kuingia kuokota kuni kavu, mwaka 2011 ikafungwa, ikabidi wapande miti yao na wahangaike na mkaa. Msitu umepona, ni kweli unaona, lakini na yule mama ana haki ya kusikilizwa. Ukienda, kula kwao, kodi bodaboda zao, nunua ndizi zao, usibebe kila kitu kutoka Dar.

Tahadhari moja kubwa, siafu. Tulikuwa tumesimama kunywa maji muongozaji akaangalia chini akasema, "Tembeeni sasa hivi, msisimame, pigeni miguu chini." Mto mweusi wa siafu unakatiza njia, upana kama mkono wangu, na pembeni wameshasambaa. Mimi nilichelewa sekunde tatu tu, wakapanda ndani ya suruali mpaka gotini, siafu hang'oki kirahisi, unavuta mwili kichwa kinabaki kimeuma. Chomekea suruali ndani ya soksi kuanzia mwanzo, usingoje kuambiwa. Na usishike shike mimea hovyo, kuna upupu na mingine inawasha vibaya.

Saa tano kasoro ndo tukaanza kusikia maji. Kwanza kama upepo, halafu kama mvua inakuja, halafu huwezi kusikia mwenzako anachosema. Tukatokea kwenye hatua za juu za maporomoko ambako maji yanatua kwenye dimbwi, mawe makubwa yamelala pembeni na jua linaingia kwa mara ya kwanza tangu tuanze kutembea. Mama mdogo alisimama. Akavua raba, akavua soksi, akazikunja vizuri akaziweka juu ya jiwe, akaenda mpaka maji yalipomfika kwenye ugoko. Akainama akachota kwa viganja akanawa uso. Kisha akakaa juu ya jiwe na miguu ikiwa majini, kitenge chake kimelowa mpaka magotini, na hakuongea kwa muda mrefu. Maji ni ya baridi kweli kweli, mdogo wangu alijirusha akatoka anatetemeka, akarudi tena. Kuogelea inaruhusiwa kwenye dimbwi mtakaloonyeshwa na muongozaji, ila msikilize sana mpaka wake uko wapi kwa sababu mbele kidogo maji yanaanguka na mawe yana utelezi wa kijani.

Kutoka pale unasogea kidogo unapata uwazi unaona bonde la Kilombero lote liko chini yako. Miwa imekatwa vipande vipande kama kitambaa cha viraka, mabati ya nyumba yanang'aa, reli ya TAZARA inapita, na mbele zaidi tambarare inapotelea kwenye ukungu. Mama mdogo alitafuta Msolwa. Akaanza na reli, akaifuata kwa kidole, akapata stesheni, akarudi nyuma kidogo, akasema nyumba yetu ilikuwa pale, pale penye miti. Mimi niliona miti tu lakini yeye aliona zaidi. Akasema alikuwa anasimama pale chini anaangalia hapa juu, sasa yuko hapa anaangalia pale. Maji unayoyaona yanashuka pale ndo yanaenda kumwagilia miwa na mpunga wa chini, ule wali tuliokula kwa mama lishe umeanzia humu humu msituni, na hilo nimelielewa nikiwa nimekaa pale, darasani nililisoma lakini halikuniingia.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, nakwambia mapema. Magoti. Njia inakupitisha karibu na maporomoko makubwa yenyewe, rasharasha inakulowesha nguo zote na simu iwe kwenye mfuko wa nailoni, ukiangalia juu shingo inauma hujaona mwisho. Fimbo pale ilifanya kazi, na muongozaji alikuwa anashuka kinyumenyume mbele ya mama mdogo sehemu mbaya, mkono wake uko tayari muda wote bila kumgusa. Tulifika chini saa nane mchana, masaa sita na mtu wa miaka 58 bila haraka. Vijana wenye mazoezi wanamaliza kwa masaa manne.

Kwa wasiotaka mlima mrefu, karibu na ofisi za Mang'ula kuna njia fupi ya kwenda maporomoko ya Prince Bernhard, yamepewa jina la yule mume wa Malkia Juliana wa Uholanzi aliyekuja kufungua hifadhi mwaka 1992, hiyo hata watoto wanaiweza. Kuna njia ya Sonjo nayo ni fupi. Wenye kifua kuna Mwanihana, kilomita 38, unalala msituni siku mbili mpaka tatu, na Lumemo kilomita 65 ambayo ni ya watu waliojiandaa haswa. Eneo lote ni kilomita za mraba 1,990, ukienda Sanje peke yake umeonja tu.

Nenda Juni mpaka Oktoba, njia ni kavu. Machi mpaka Mei masika inakuwa kali, maporomoko yananona lakini njia inateleza na siku nyingine hutaona kitu kwa ukungu. Beba maji lita mbili kila mtu, karanga na ndizi, koti jepesi la mvua, soksi ndefu, nguo ya kubadilisha kwenye mfuko wa nailoni. Usivae sendo, tulikutana na kundi la wanachuo dada mmoja sendo imekatika mkanda nusu ya mlima akarudi amefungwa kamba ya katani. Na takataka yako rudi nayo yote.

Kama unataka simba nenda Mikumi, iko jirani, unaweza ukaunganisha siku moja huku siku moja kule. Udzungwa wanyama hawajipangi mbele yako, unawasikia kabla ya kuwaona, na unawaona kwa jasho lako. Mimi kwa hilo naipa hifadhi nyota tano na muongozaji nampa tano zake peke yake. Bakshishi tulimpa kwa moyo wote na mama mdogo akampa namba yake ya simu, sasa hivi wanapigiana salamu.

Basi la kurudi mama mdogo aliomba akae upande wa mlima. Tulipopita Sanje akamgusa dada mmoja aliyekaa mbele, mtu asiyemjua kabisa, akamwonyesha ule mstari mweupe akamwambia kule juu kuna dimbwi, maji yake ya baridi sana.

Mama yangu hakuweza kuja kwa sababu ya magoti. Nilimrekodia mlio wa maji pale juu dakika nne, bila picha, simu nimeishikilia tu karibu na mawe. Jumapili nikampelekea, akavaa miwani nikamwambia mama hii ni ya kusikiliza, akaivua. Akasikiliza yote. Ilipoisha akaniambia nirudishe mwanzo.